Una ng'ombe wangapi Shauri Moyo?

Hebu ingia agroveti yoyote ya hapa mjini uombe molasi, mtungi wa lita 20. Muuzaji atakuangalia viatu kwanza. Kisha atakuuliza kwa upole kabisa: "Una ng'ombe wangapi?"

Wewe ni msee wa Shauri Moyo. Unaishi chumba kimoja, choo mnagawana ploti nzima, na mnyama mkubwa uliyemwona wiki hii akiwa hai ni paka wa jirani. Wale wa Burma hatuwahesabu, wametundikwa. Lakini unajibu bila kupepesa macho: "Wawili." Muuzaji anatikisa kichwa, anakaza kifuniko, anakutakia maziwa mengi. Mmemalizana.

Molasi ni chakula cha ng'ombe kweli. Inatoka viwanda vya sukari kule magharibi, na wafugaji huichanganya na majani makavu ili mifugo ile kwa hamu. Kuiuza si hatia. Ila muuzaji anajua, na wewe unajua kwamba anajua, kuwa kuna mapipa mahali yanangoja kangara ichachuke, halafu ipikwe iwe chang'aa. Hakuna atakayelitaja hilo jina pale dukani. Nimekuja kugundua kwamba jina hilo kutotajwa ndiyo sehemu ya hatari zaidi ya biashara hii yote, kuliko hata moto.

Kuna nchi ambako mtu anayetaka kujipikia pombe nyumbani anaenda dukani kama unavyoenda kununua vyombo. New Zealand iliruhusu watu kupika pombe kali kwa matumizi yao wenyewe tangu 1996, kwa hivyo mtu wa huko anasimama kaunta na kuuliza hata maswali ya kijinga, na anajibiwa. Marekani iliruhusu bia ya nyumbani mwaka wa 1978, lakini pombe kali serikali kuu imeikataza kwa miaka mingi. Mitambo inauzwa hata hivyo, eti ni ya kuchuja maji na kukamua mafuta ya mimea yenye manukato. Yaani hata wao wana ng'ombe wao wawili.

Huku kwetu duka hilo lipo, ila limekatwa vipande na kutawanywa mji mzima. Wimbi na mtama utapata Nyamakima. Hamira iko kwa kila duka la mtaa. Kuni ni mabaki ya mbao kutoka Gikomba. Pipa kuukuu linauzwa na kijana mwenye mkokoteni. Sufuria, mfuniko na bomba ni kazi ya mafundi wa Kamukunji, mwendo wa dakika chache ukikata kupitia sokoni. Kila mmoja anakuuzia kipande chake, na akiulizwa na karao, yeye aliuza kipande tu.

Niliyemfuata kwenye mizunguko hii ni jirani yetu, mama wa miaka sitini na kitu. Jina silitoi, na ploti msiulize. Alianza kupika kabla sijazaliwa. Watoto wake wanne wamesoma kwa hiyo pesa, mmoja hadi chuo kikuu, na alimaliza, tofauti na mimi niliyeachia njiani karo ilipogoma. Mtaani wanamwita mama pima kama wanavyowaita wenzake wote, lakini siku hizi hapimii mtu. Anapika kidogo, anauzia watu anaowajua.

Usidhani alianzisha yeye. Shauri Moyo ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1930 kuwapokea watu waliobomolewa kijiji cha Pangani, na wengi wa wenye nyumba kule Pangani walikuwa wanawake waliojijenga kwa jasho lao: vyumba vya kupangisha, chakula cha kuuza, na pombe pia. Pale Pumwani, baraza la mji lilikuwa limeshafungua kilabu chake cha pombe miaka ya 1920 na kukataza wengine kupika. Serikali iliuza, akina mama wakauza kwa siri. Kwa hivyo huu mchezo wa kuzungumza kwa mafumbo tumeurithi.

Sasa twende Kamukunji, maana huko ndiko niliona jambo lililonifanya niandike.

Kama hujawahi kuingia pale, jiandae masikio. Nyundo mia zinagonga mabati kwa wakati mmoja: masanduku ya shule, makarai, majiko, mabomba ya moshi, vikaangio vya chipsi. Mafundi wengi wanafanya kazi bega kwa bega chini ya vibanda, na ukisimama sekunde mbili mtu ameshakuuliza unatafuta nini. Mama alikuwa ameagiza sufuria kubwa yenye mfuniko unaofunga kabisa, na juu ya mfuniko kuna tundu lenye mdomo wa kuvalisha bomba.

"Ya nini hii, mathe?" fundi akauliza siku ya kuichukua, huku akiifuta kwa tambara.

"Ya maharagwe. Kuna harusi."

Fundi akaliangalia lile tundu. Mimi nikaliangalia. Maharagwe gani yanapikwa na bomba?

"Mvuke," mama akasema.

"Ndio, mvuke," fundi akakubali, kwa heshima zote.

Hapo ingeisha, wangelipana, tungebeba. Lakini nilikuwa nimesoma kemia mihula mitatu, na kitu kimoja kilichobaki kichwani ni kwamba madini ya risasi hayatoki mwilini kirahisi. Nikamuuliza fundi pale kwenye maungio amechomea na nini. Akanionyesha lehemu, ule waya laini wa kijivu unaoyeyuka haraka. Nikamuuliza kama una risasi ndani. Akasema wa kawaida unayo, ndiyo maana unashika vizuri, na kwa sanduku la shule au mfereji wa mvua hauna shida yoyote.

"Na kwa maharagwe?" nikauliza.

Akacheka. Kisha akaacha kucheka, akamgeukia mama. Maneno yake nayakumbuka vizuri kwa sababu aliyasema polepole: "Mathe, mimi nilifanya kazi ya maharagwe. Ungeniambia ni ya ile kitu, nisingetumia lehemu, na nisingetumia hii bati ya zinki hapa kwa mdomo. Ningechomelea kwa gesi. Ni bei tofauti, lakini ningekuambia."

Ona hapo. Fundi alikuwa anajua. Elimu yote iliyohitajika ilikuwa imekaa pale kwenye kigoda, imeshika nyundo. Kilichokosekana ni neno moja tu la mteja. Bomba linalopitisha mvuke wa pombe moto siku nzima si kama kikombe unachokinywea mara moja. Pombe na asidi ya kangara hula taratibu maungio ya risasi, na inayodondoka kwenye chupa inabeba madini hayo. Huyaoni wala huyaonji. Marekani enzi za mapishi ya porini, watu waliotumia radieta za magari kupoza mvuke waliugua risasi hivyo hivyo, kwa sababu radieta zile zilikuwa zimeunganishwa kwa lehemu.

Mama aliganda kidogo. Halafu akafanya kitu ambacho sikutarajia: aliinama karibu na sikio la fundi, na katikati ya kelele za nyundo mia, akalitaja jina lenyewe. Kwa kweli hakuna mahali salama zaidi Nairobi pa kusema siri kuliko Kamukunji saa tano asubuhi. Fundi akarudisha sufuria ndani. Bei ikapanda mara mbili. Mama akalalamika robo saa nzima, kama inavyotakiwa, halafu akalipa.

Sufuria ukiwa na bahati utampata fundi wa namna hiyo. Pipa ni hadithi nyingine.

Mapipa ya lita 200, ya plastiki ya buluu na ya chuma, huingia nchini au viwandani yakiwa yamejaa kitu. Baadhi yalibeba maji ya matunda yaliyokolezwa, mafuta ya kupikia, glukosi. Mengine yalibeba gundi, rangi, dawa za kuulia wadudu, vimiminika vya kusafishia mashine. Yakishamwagwa, yote huingia soko moja. Yanaoshwa kwa sabuni na mchanga, karatasi zinabanduliwa, yanapangwa kando ya barabara yaking'aa kama mapacha. Bei yake inategemea kama limetoboka.

Muulize muuzaji lilikuwa na nini. Atakuambia juisi. Yote yalikuwa na juisi. Nairobi tungekuwa tunakunywa juisi kiasi hicho tungekuwa na sukari sote.

Jirani yangu huchagua kwa pua. Anaingiza kichwa chote ndani, anavuta pumzi, anatoka amekunja uso au hajakunja. Miaka mingi pua hiyo imemsaidia kukataa mapipa ya rangi na ya dawa ya mifugo. Lakini plastiki hunyonya. Kemikali ikikaa miezi ndani ya pipa inaingia kwenye ukuta wake, na kangara yenye joto inaivuta nje tena, hata kama pipa lenyewe linanukia sabuni ya maua. Tena kuna vitu ambavyo pua haivitambui. Methanoli ni mmoja wao: inanuka pombe, kwa sababu ni ndugu wa pombe tunayoijua. Ukiiwasha kiberiti inawaka pia, kwa hivyo ule mtihani wa kijiko na moto ambao wazee wanauamini unakuambia kitu kina nguvu. Haukuambii kama kitakuua.

Tuseme ukweli hapa, kwa sababu mambo mawili huchanganywa kila kukitokea msiba. Nafaka au molasi ikichachuka vizuri hutoa methanoli kidogo sana. Vifo vya halaiki kwa kawaida havitoki kwenye mtama wa mama yeyote. Vinatoka kwa mtu aliyeongeza methanoli ya viwandani ili pombe iwe kali na nyingi kwa bei nafuu, au aliyenunua mtungi wa "spiriti" kutoka kwa mtu asiyemjua akaamini ni ethanoli. Novemba 2000, watu zaidi ya 130 walikufa hapa hapa Nairobi, mitaa ya Mukuru, na wengine wengi wakapofuka. Mei 2014 makumi ya watu walikufa katika kaunti kadhaa ndani ya siku chache. Februari 2024 ilikuwa zamu ya Kirinyaga, watu 17.

Kila baada ya misiba hiyo kuna msako. Mapipa yanamwagwa mbele ya kamera, chifu anahutubia, wiki mbili baadaye bei ya mapipa inapanda kwa sababu yamepungua. Hapo ndipo mpishi anaponunua pipa lolote atakalopata. Sijawahi kusikia afisa akiuliza mapipa yaliyomwagwa yalinunuliwa wapi na yalikuwa na nini mwanzo.

Na sheria yenyewe? Wengi mtaani bado wanaamini chang'aa ni haramu moja kwa moja, kama ilivyokuwa chini ya sheria ya 1980. Hiyo ilifutwa mwaka wa 2010 na sheria ya kudhibiti vileo, ile tunayoiita ya Mututho. Tangu hapo chang'aa inaweza kutengenezwa na kuuzwa kihalali, mradi uwe na leseni, ufikie viwango, na uitie kwenye chupa ya glasi isiyopungua mililita 250. Kwa karatasi ni poa. Sasa mchukue mama wa chumba kimoja mwenye sufuria ya "maharagwe", umpeleke kuomba leseni ya kiwanda. Mlango ulifunguliwa, lakini uko orofa ya tano na lifti ni ya wenye kampuni. Uganda walijaribu njia yao mwaka wa 1965: sheria ya enguli iliwataka wapikaji wa vijijini wawe na leseni na wauzie kiwanda, ambacho kiliisafisha na kuitia chupani kama waragi. Wengi waliendelea kupika na kuuza kichinichini hata hivyo, lakini angalau kuna siku serikali ilikubali kwamba mpishi mdogo yupo.

Sikuandiki hapa ili ukapike. Usipike. Faini, seli, moto, na majirani wenye midomo, vyote vinatosha kukuzuia, na mimi si shabiki wa hiyo kitu hata kidogo. Lakini wengi wenu mmesomeshwa na hizo pesa, na wengine mna mzazi au shangazi ambaye bado anapika. Wengine mnakunywa kila Ijumaa mkijua mnakunywa nini. Basi kuna mambo machache unayoweza kuyafanya bila kutaja jina la mtu yeyote.

Pipa, angalia chini na pembeni kabla ya kunusa. Karatasi hubanduka, lakini gundi yake huacha kivuli, na alama nyingine zimegandamizwa au kupakwa rangi. Alama ya umbo la almasi yenye fuvu au mwali wa moto inamaanisha ondoka. Tafuta pia herufi UN zikifuatwa na namba nne. Hizo ni namba za kimataifa za mizigo hatari. Methanoli ni 1230. Ishike hiyo kichwani kama unavyoshika namba ya siri ya M-Pesa. Pia kukosekana kwa alama si cheti cha usafi, huenda zilikwanguliwa tu.

Na la hospitali. Hili ndilo linaloniudhi zaidi. Methanoli haikuangushi papo hapo. Mtu analala, anaamka na kichwa, anafikiri ni mning'inio wa kawaida, na saa kumi na mbili au hata siku nzima baadaye ndipo macho yanaanza kuona ukungu mweupe, tumbo linakata, pumzi zinaenda mbio. Hapo anapelekwa hospitali, na mtu wa familia anasema kwenye dawati, "Alikula nyama." Nyama! Ile ile aibu ya agroveti imepanda matatu na kufika hospitalini. Daktari anaanza kutibu nyama. Dawa ya kuzuia sumu hiyo ipo, na damu inaweza kusafishwa kwa mashine ile ya figo, lakini kila saa inayopita inachukua sehemu ya macho. Sema alichokunywa. Sema saa ngapi. Kama chupa ipo, ibebe. Polisi mtaongea nao baadaye mtu akiwa bado anaona.

Jirani yangu, tangu siku ile ya Kamukunji, amebadilisha tabia moja tu, na si ya kunusa. Hiyo bado anaifanya. Siku hizi akiona pipa analolipenda, analipiga picha upande wa chini kwa ile simu yake yenye kioo kilichopasuka, ananitumia WhatsApp na ujumbe wa sauti: "Nisomee hii." Mara nyingi hakuna kitu cha kusoma, ni plastiki na vumbi. Muuzaji mmoja alikasirika, akamuuliza kama yeye ni polisi. Akamwambia hapana, ana mtoto wa kumsomea namba.

Wiki jana alituma picha ya pipa la buluu, safi, kifuniko chake kipo, bei nzuri. Alikuwa ameshatoa pesa kwenye leso, alisema, anangoja mimi tu. Picha ilikuwa na giza nikaivuta iwe kubwa. Moja, mbili, tatu, halafu duara ambalo lingeweza kuwa sufuri au nane. Sikuandika jibu. Nilimpigia.